Tembo na Kiambishi Chake

Wazee wa Ugogo husimulia kwamba hapo kale, kabla ya reli na kabla ya boma la Wajerumani, tembo mmoja alishuka kijitoni kunywa maji, akanasa topeni, na kila alivyojikwamua ndivyo alivyozidi kwenda chini. Waliokuwapo walipiga ukelele wa neno moja tu: Idodomya. Amedidimia. Tangu siku hiyo mahali pale pakachukua jina la msiba wa mnyama yule.

Ipo na hadithi ya pili, yenye ujanja zaidi. Watu waliiba ng'ombe wa jirani zao, wakawachinja, wakawala, kisha wakaichomeka mikia yao katika tope. Wenye mali walipofika kudai, walioneshwa mikia ile na kuambiwa: ng'ombe wenu ndio hao, wamezama.

Hadithi zote mbili ni tamu, na kila mtu huchukua inayompendeza. Mimi napenda kuiuliza ile sauti ndogo iliyosimama mwanzoni mwa neno. Tukilichukua neno Idodomya kama wasimulizi wanavyolichukua, yaani kama sentensi nzima, basi i- hiyo ndiyo mtenda. Ni ndugu wa i- tunayoitumia sisi tusemapo "nyumba imezama". Kiswahili kimempandisha mnyama katika daraja la watu, ndiyo maana tunasema tembo amezama. Katika ukelele ule tembo angali katika ngeli yake mwenyewe, ngeli ya ndovu na ng'ombe. Sasa, i- hiyo ni ya umoja. Ng'ombe wengi wangedai zi-. Kundi zima la ng'ombe wa wizi haliwezi kuzama kwa i- moja, na kwa hivyo katika mashindano ya hadithi hizi mbili mimi niko upande wa tembo. Najua atakuwapo wa kusema kwamba i- hiyo yaweza kuwa ile ya majina ya mahali, kama Ihumwa, Itiso na Ikowa, ambayo haitendi chochote ila kusimama mlangoni. Hoja hiyo ina nguvu yake. Lakini mwenye kuishika hana budi kuziacha hadithi zote mbili, tembo na mikia, na hiyo ni bei kubwa kwa mshairi.

Basi ilikuwaje kiambishi hicho leo hakipo? Mji ulianza mwaka 1907, katika siku za ujenzi wa reli ya kati, ile iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Jina lilipoingia katika ramani na ratiba za Wajerumani lilikuwa limekwisha kunyolewa mbele na nyuma: Dodoma. Kitenzi kimegeuka nomino tupu, na aliyezama hayumo tena. Sisi watunzi wa mashairi tunakijua kitendo hiki, na tunacho hata jina lake, inkisari. Mtunzi aliyebanwa na mizani huandika "mefika", akaiacha ni- au a- ianguke, na msikilizaji ndiye wa kuamua aliyefika ni mimi au ni yeye. Katika shairi, ubeti unaofuata huja kutuokoa. Jina la mji halina ubeti unaofuata.

Ninasema haya kwa sababu wengi wetu tumezoea kuviona viambishi kama vishikizo vya kanzu: vizuri vikiwapo, lakini kanzu ni kanzu. Mimi sikupata kukaa darasani kufunzwa elimu ya lugha. Nilichokijua nimekijua kwa kusoma, kutunga, na khasa kwa kufasiri, kazi ambayo humlazimisha mtu kulipima kila neno kabla ya kulibeba kwenda ng'ambo. Na katika kufasiri nimeona kwamba kwa lugha zetu kiambishi ndicho kichwa. Mzizi ni kiwiliwili kilicholala. Hujui ni cha nani mpaka kichwa kije.

Tazama mbuyu, mti ambao mtu hawezi kusafiri Dodoma asiuone. Mzizi ni -buyu. Ukitia m- unapata mti mzima na kivuli chake. Ukiondoa kila kitu, buyu, unapata tunda lenye ganda gumu. Ukitia ki- unapata kibuyu, chombo cha kuchotea na kuhifadhia. Ukitia u- unapata ubuyu, ule unga mchachu na kokwa zake, ambao huku kwetu Unguja hupikwa kwa sukari na rangi nyekundu, watoto wakatoka skuli na midomo iliyopakwa. Na vijana wa leo wamekwenda mbele zaidi, ubuyu kwao ni maneno ya pembeni, habari za watu. Mti, tunda, chombo, chakula na umbea, yote katika mzizi mmoja; kinachobadilika ni sauti moja mbele. Mtaalamu wa Kijerumani Wilhelm Bleek aliliona jambo hili alipolinganisha lugha za kusini mwa bara letu, na katika kitabu chake cha mwaka 1862 akatumia neno Bantu, ambalo si jingine ila ba- ya wingi na -ntu ya utu wetu. Wagogo husema munhu na wanhu pale tusemapo mtu na watu, na chinhu pale tusemapo kitu. Ile chi- ya Chigogo ndiyo ki- ya Kiswahili, ndiyo shi- ya Shingazija, na ndiyo isi- ya Wazulu. Ni mlango mmoja uliochongwa na maseremala mbalimbali.

Si lugha zote zinazoweka kichwa hapo. Wajerumani wenyewe, walioinyoa Idodomya, wana kiambishi ver- ambacho hugeuza mambo juu chini: kaufen ni kununua, verkaufen ni kuuza. Mnunuzi na muuzaji wametenganishwa na silabi moja ya mbele. Kiswahili hakigeuzi kitenzi kwa mbele, hukigeuza kwa mkia: funga na fungua, ziba na zibua. Mwarabu naye ana m- yake, na katika visiwa hivi tunaijua kwa desturi bila ya kuijua kwa sarufi: palipo na darasa pana madrasa, palipo na hukumu pana mahakama, palipo na kitabu pana maktaba. M- hiyo ya Kiarabu ni ya mahali pa kutendea tendo. Na kichekesho ni kwamba maneno hayo yalipofika pwani yalikuta lugha yenye njaa ya viambishi. Ki ya kitabu haikuwa kiambishi kwa Mwarabu, ni sehemu ya mzizi. Mswahili akaiona ki- yake, akazaa vitabu. Mu ya mwalimu akaifanya mw- ya mtu, akazaa walimu. Hata juzi juzi, mizunguko ya barabara ilipojengwa na Waingereza wakaandika kibao cha kumtaka dereva ashike kushoto, Mswahili alisikia ki- pale, na leo Dodoma imejaa vipilefti.

Njaa hiyo ya viambishi ndiyo iliyosafiri na misafara ya biashara katika karne ya 19, kutoka Unguja hadi Bagamoyo, na kutoka Bagamoyo kupanda kwenda Mpwapwa, Ugogo na Unyamwezi. Tunazungumza sana juu ya bidhaa za misafara ile, pembe zilizoshuka na kaniki na ushanga uliopanda, na tunazungumza, ingawa si kwa kiasi kinachostahili, juu ya watu walioshushwa kwa minyororo. Bidhaa moja hatuitaji: sarufi. Kila nchi iliyopitiwa na msafara ilipewa U-, kila mtu wake M-, watu wake Wa-, na usemi wao Ki-. Richard Burton, aliyepita Ugogo mwaka 1857, alizieleza sauti hizo nne kwa wasomaji wake wa Uingereza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860, na tangu hapo ramani za Ulaya zikaandikwa kwa sarufi ya wachukuzi na viongozi wa misafara.

Nguvu ya jambo hili inaonekana vizuri zaidi kaskazini. Wenyewe husema Muganda, Baganda, Luganda, Buganda. Msafara wa Kiswahili ukaiangusha b, ikawa Uganda. Waingereza walipoweka himaya yao mwaka 1894 walilichukua jina la wasafiri, wakalitandaza juu ya falme na makabila mengine mengi yasiyokuwa ya Kabaka. Hivyo pakawa na nchi mbili, Buganda ndani ya Uganda, zilizotenganishwa na konsonanti moja, na mwaka 1966 zikapigana huko Mengo hata Kabaka Mutesa II akakimbilia ng'ambo. Sisemi kwamba vita vile vililetwa na herufi. Nasema kwamba herufi ile ilikuwa imekwisha kuchora mpaka kabla ya bunduki kufika.

Ugogo nako U- ilifanya kazi ya namna hiyo, kwa upole zaidi. Kabla ya ukoloni hapakuwa na dola moja ya Wagogo. Palikuwa na maeneo mengi madogo, kila moja na mtemi wake mwenye mawe ya mvua na mamlaka ya kufungua msimu wa kulima. Mtemi alimtoza mpita njia hongo, na msafara uliovuka Ugogo ulilipa hongo mara nyingi kwa sababu uliingia katika nchi nyingi. (Hongo ya siku zile ilikuwa ushuru wa halali, uliojadiliwa mchana mbele ya watu. Neno limebaki, uhalali umekwenda.) Wasafiri walioudhika kwa malipo hayo hawakuwa na subira ya kuzitaja nchi zote hizo, waliziweka chini ya U- moja. Jina lenyewe, kwa masimulizi yaliyoenea, lilitoka vinywani mwa Wanyamwezi wa misafara, waliowakuta watu wa huko wamekaa juu ya magogo, wakawaita kwa magogo yao. Kama ni kweli, basi mzizi ulikuwa wa mti na kiambishi ndicho kilichoufanya mtu. Gogo ni mti ulioanguka. Mgogo ni binadamu. Ugogo ni nchi. Kigogo ni lugha, na kigogo, kwa herufi ndogo, ni gogo dogo, ingawa magazeti yetu yamekifanya kuwa mtu mkubwa mwenye cheo. Kuna lugha gani nyingine ambamo kiambishi cha udogo humtukuza waziri?

Baina ya Mpwapwa na Ugogo palikuwa na nyika kavu iliyoogopwa na kila mchukuzi. Vitabu vya wasafiri vinaiita Marenga Mkali, na vinaeleza kwamba maana yake ni maji ya chumvi, maji makali. Malenga kwa Chigogo ni maji. Msomaji wa kurasa hizi, aliyezoea kumwita mshairi mkubwa malenga, atasamehewa akisita hapo kidogo. Mimi nilisita kwa furaha. Ma- ya malenga haya ni ile ile ya maji, maziwa na mafuta, ngeli inayobeba vitu vya kumiminika visivyohesabika. Lakini tazama kivumishi kilivyofuata. Ma- inadai ma-: malenga makali. Aliyesema au aliyeandika mkali amesikia neno la Kigogo asilijue kichwa chake, akalivisha upatanisho wa kubahatisha. Hiyo m- ni nyayo ya mgeni. Mwanahistoria huhitaji barua na hati. Wakati mwingine kiambishi kilichokosea hutosha kumwonesha nani alikuwa mwenyeji na nani alikuwa mpita njia. Mpwapwa yenyewe kwa wenyeji ni Mhamvwa.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba nyanda za kati zote ni za Wabantu. Sivyo. Panda kutoka mjini Dodoma kwenda kaskazini, hadi Chemba na Kondoa, na utakuwa umeingia katika eneo ambalo wataalamu wa lugha husafiri kutoka mbali kulitazama, kwa sababu jamii nne za lugha za Afrika zinapakana humo, pasipo bahari wala mlima mkubwa wa kuzitenga. Warangi ni Wabantu kama Wagogo. Wenyewe hujiita Valaangi, va- yao ikiwa wa- yetu. Waburunge na Waalagwa husema lugha za Kikushi, jamaa za Kiiraki cha Mbulu, na lugha hizo hubeba jinsia na wingi mwishoni mwa neno, si mwanzoni. Wasandawe wana lugha ya vidoko, sauti za kubofya ulimi ambazo jirani zao hawana, nao pia huongeza nyuma. Na Wamaasai wa Kiteto na Kongwa ni Waniloti.

Kimaasai kina viambishi vya mbele, lakini ni vya namna nyingine kabisa. Ol- ni ya kiume, en- ni ya kike, na jinsia hiyo huchukua pamoja nayo ukubwa na udogo. Olalem ni upanga. Enkalem ni kisu. Chuma kimoja, kikitangulizwa kiume kinakwenda vitani, kikitangulizwa kike kinakwenda jikoni. Mswahili hana ume wala uke katika sarufi yake, kwa hivyo ukubwa na udogo ameuweka katika ji- na ki-: jisu na kisu, jitu na kijitu. Sijui kama tumestahili sifa kwa hilo, maana dharau tumeihamisha tu. Mwenye kumwita mtu "kijitu" hakuhitaji uke ili amtweze.

Sasa fikiri msafiri wa Kiswahili anapokutana na watu hawa wote. Kwa Msandawe hakukuta kichwa cha kukata, akapachika chake: Msandawe, Wasandawe, Kisandawe. Kwa Mmaasai alikikuta, akakikata. Wamaasai walikuwa na neno la kuwaita Wadatooga waliopigana nao kwa vizazi vingi: il-mang'ati, maadui. Il- ni kiambishi cha wingi wa kiume. Mswahili akaliondoa il-, akaweka Wa-, na kabila zima likaandikwa katika madaftari ya serikali kwa tusi la adui wao: Wamang'ati. Wenyewe ni Datooga. Nimesikia watu wema, wasiokuwa na chuki na yeyote, wakilitamka jina hilo redioni bila ya kujua wanasema nini.

Hapa ndipo ninaposhindwa kutoa hukumu moja juu ya sarufi ile ya misafara. Iliwakata watu vichwa vya majina yao, hilo ni kweli. Lakini vilevile iliwaweka wote katika ngeli moja. Mgogo, Mrangi, Msandawe, Mmaasai, Mhindi, Mwarabu na Mzungu, wote wakaingia M-Wa, ngeli ya mtu, na Kiswahili hakikuweka ngeli ya pili ya watu wa chini. Aliyelitambua hilo kwa undani, nadhani, alikuwa Mgogo. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa huko Ugogo mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, aliandika mwaka 1954 kitabu alichokiita Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Angeweza kuwaandikia watu wake kwa Chigogo, lugha iliyokuwa na maandishi ya misheni. Aliandika kwa Kiswahili, na kwa viambishi vya Kiswahili: Wagogo, Ugogo. Baadaye akatuletea diwani yake, mwaka 1963, na ngonjera zilizojaza viwanja vya shule baada ya Azimio la Arusha la 1967. Wapo watu wa pwani waliotilia shaka kama mtu wa bara asiyezaliwa na Kiswahili aweza kuwa mshairi wake. Jina lake lilikuwa jibu tosha. Mnyampala halitengani mbali na mnyapara, cheo cha mkuu wa wachukuzi katika misafara ile ile. Watu wa bara walikuwa wakikibeba Kiswahili mabegani muda mrefu kabla ya sisi kuuliza kama wanakijua.

Mwaka ule wa 1967 jambo jingine lilitokea, kimya kimya. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya mwisho nchini iliyowauliza watu kabila zao. Baada ya hapo Wa- zote zile zilibaki nyumbani na vilabuni; katika daftari la serikali ilibaki M- moja, ya Mtanzania.

Zipo M- nyingine ambazo zimepiganiwa kwa muda mrefu zaidi. Kiswahili kimewaweka watu fulani nje ya M-Wa, katika ki- ya vitu: kipofu, kiziwi, kilema, kiwete. Ni kweli kwamba sarufi hujirekebisha mara tu kitenzi kinapokuja, kwani tunasema kipofu amekuja, wala hakuna asemaye kimekuja. Lakini kichwa cha jina kinabaki ki-. Nyanda za kati zinalijua jambo hili kuliko sehemu nyingi, kwa kuwa ukavu, vumbi na nzi viliwapofua watu wengi kwa trakoma, na Buigiri, mashariki mwa mji wa Dodoma, ikawa na shule ya wasioona. Angalia maneno yalivyohama: kilema akawa mlemavu, akahamishwa kutoka ki- hadi m-. Kisha hata hilo halikutosha, na mwaka 2010 Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Hapo mtu ametangulia, na hali yake ikawekwa katika u-, kitu anachokuwa nacho, si kitu alicho. Hatua tatu, viambishi vitatu. Lakini haikuwa safari ya wote. Walemavu waliunda CHAWATA, na wa yao inasikika katikati ya kifupisho. Viziwi waliunda CHAVITA, wakaibakiza vi- yao mbele ya kila mtu. Na wanayo haki. Aliyepewa kiambishi kibaya aweza kukikataa, na aweza pia kukishika na kukipandisha bei.

Nirudi mjini. Mwaka 1971 serikali ilianza Operesheni Dodoma, ya kuwatoa watu katika kaya zao zilizotawanyika na kuwaweka pamoja katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Bunge limekuwa likikutana huko tangu 1996. Serikali yenyewe ilianza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016. Na tarehe 26 Aprili 2018 Rais John Magufuli aliitangaza Dodoma kuwa jiji. Historia hiyo yote ya miaka takriban hamsini imo katika mzizi wa herufi mbili, -ji. Kijiji, mji, jiji. Kiambishi cha udogo, kiambishi cha kawaida, kiambishi cha ukubwa. Mwananchi wa Ugogo aliyeondolewa katika kaya ya babu yake mwaka 1971 alipelekwa katika ki-, na mjukuu wake amejikuta katika ji- bila ya yeyote kuhama mara ya pili, kwa kuwa mipaka ya jiji ndiyo iliyomfuata. Na pamoja na ji- hiyo wamekuja vigogo, na magari yao, na bei ya viwanja.

Wamekuja na neno jingine, ambalo halikuwa geni hata kidogo. Wagogo husema -kulu kwa kitu kikubwa. Kiswahili, ambacho kwa tabia yake huimeza l katikati ya irabu, husema -kuu. Kutoka mzizi huo tuna mkuu, ukuu, na, kwa njia ya Unyamwezi ambako l haikumezwa, ikulu, makazi ya mtemi. Ikulu ya Chamwino, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 20 Mei 2023, ina jina ambalo mchukuzi wa karne ya 19 angelielewa bila ya mkalimani. Tangu 1973 hadi ilipovunjwa mwaka 2017, kazi ya kuujenga mji huu ilikuwa mikononi mwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Makuu: ma- na -kuu.

Nje kidogo ya katikati ya mji, kwa upande wa kusini mashariki, kuna mahali panapoitwa Dodoma Makulu. Jina hilo lilikuwapo kabla ya mamlaka, kabla ya azimio la chama na kabla ya sheria. Ma- na -kulu. Ni kivumishi kile kile, na kiambishi kile kile.